Urefu Unapimwa Kutoka Wapi? Stori ya Ndege Zinazozunguka Kama Pia

Tarehe 24 Januari 2003, ndege iliyobeba mawaziri iliruka kutoka uwanja mdogo wa Busia. Serikali ya Kibaki haikuwa imemaliza hata mwezi. Wageni hao walikuwa wametoka kusherehekea na Moody Awori, mbunge wetu wa Funyula, ambaye alikuwa ameteuliwa waziri. Ndege iliinuka kidogo tu, ikagonga nyaya za stima, ikaanguka. Waziri wa Leba, Ahmed Khalif, alikufa pamoja na marubani wawili. Martha Karua, Raphael Tuju na Linah Kilimo walikuwa ndani pia, wakanusurika.

Wengi wenu mnaosoma hii mlikuwa hamjazaliwa, ama mlikuwa bado mnabebwa mgongoni. Lakini kaa na wazee wa hapa kwetu uone. Ukitaja ndege, hiyo ajali itatajwa kabla chai ipoe. Wataongea siasa, wataongea uwanja mfupi, wataongea bahati. Mimi huwa nabaki na kitu kimoja kichwani: urefu. Rubani anaweza kuwa mkali vipi, lakini ukimnyima nafasi kati yake na ardhi, ukali wake hauna pa kufanyia kazi.

Nimeanza na Busia kwa sababu nataka tuongee kuhusu zoezi moja la urubani ambalo watu huliona kwenye video na kusema ni wazimu. Ndege haina injini. Mwalimu ako nyuma, mwanafunzi ako mbele. Ghafla pua inaelekea chini na dunia nzima inaanza kuzunguka kwenye kioo, mashamba, barabara, mashamba, barabara. Halafu inanyooka, na wote wawili wanacheka. Hilo zoezi linaitwa spini. Chini ya ile video kila mtu anauliza, "Huyo mwalimu ni mzima kweli?" Swali lenye maana zaidi ni hili: walianzia futi ngapi, na hizo futi zimepimwa kutoka wapi? Hilo swali lina historia ya zaidi ya miaka 110, na sehemu ya hiyo historia iko Kenya.

Tuanze na hiyo ndege yenyewe. Inaitwa glaida. Inavutwa juu na ndege nyingine yenye injini, ama na winchi iliyo chini inayokunja kamba kwa kasi. Ikiachiliwa, inaanza kushuka polepole, na itaendelea kushuka mpaka ipate hewa ya moto inayopanda. Wale kongoti wenye upara wanaokaa kwenye majalala ya mjini wanajua hii kazi kuliko sisi. Asubuhi wamekaa tu. Jua likishika ardhi wanafungua mabawa, wanazunguka ndani ya hewa inayopanda, na dakika chache baadaye ni vidoti angani bila kupiga mabawa. Mwanasayansi Mwingereza Colin Pennycuick aliishi Nairobi na Serengeti kati ya miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970, na alikuwa anawafuata tai na kongoti angani kwa glaida yenye kainjini kadogo, aone wanavyofanya. Kule Mweiga, karibu na Nyeri, klabu ya glaida ilijenga makao yake karibu na milima ya Aberdare, ambako hewa ya kupanda hupatikana.

Kwa hivyo kumbuka hili: kwa glaida, urefu ndio petroli. Sisi wa Busia tunajua petroli inavyohesabiwa kwa mtungi, kila lita na bei yake. Glaida inahesabu futi vivyo hivyo. Ukitumia vibaya, hakuna kituo cha kujazia.

Sasa spini ni nini? Bawa hubeba ndege kwa sababu hewa inapita juu na chini yake vizuri. Ukiinua pua sana, hewa inashindwa kufuata mgongo wa bawa, na bawa linaacha kubeba. Marubani huita hiyo stoli. Kama mabawa yote mawili yanaacha kwa usawa, ndege inadondosha pua tu, unairudisha, maisha yanaendelea. Lakini kama ndege ilikuwa imekaa upande, bawa moja linaacha kubeba zaidi ya lingine. Hilo linadondoka na kuvutwa nyuma, lingine linaendelea kubeba kidogo. Matokeo ni kwamba ndege inajizungusha yenyewe huku inaanguka, kama pia ambayo mtoto ameifyatua na kamba. Na tofauti na pia, haichoki. Itazunguka mpaka rubani aivunje ama ardhi iivunje.

Hapo mwanzo karibu kila aliyeingia humo alikufa. Hakuna aliyejua kutoka. Halafu ikaja tarehe 25 Agosti 1912, uwanda wa Salisbury, Uingereza. Luteni Wilfred Parke alikuwa anashuka na ndege ya Avro, na abiria mmoja ndani, wakiwa kama futi 700 juu ya ardhi. Ndege ikaingia kwenye spini. Parke akafanya kile ambacho mimi na wewe tungefanya, akavuta fimbo kwake ili pua iinuke. Haikusaidia kitu. Akiwa amebakisha sekunde chache, akakanyaga usukani wa mkia upande ulio kinyume na mzunguko. Ndege ikaacha kuzunguka. Walinyooka wakiwa kama futi 50 kutoka kwa nyasi.

Piga hesabu hapo. Futi 700 kutoa 50 ni 650. Hizo futi 650 ndizo zilizonunua maisha ya watu wawili na somo moja la dunia nzima. Angeanza akiwa futi 600, hakuna mtu angesikia jibu. Na miezi minne baadaye, Desemba 1912, Parke huyo huyo akafa kwenye ajali ya ndege nyingine. Somo lilibaki, mwenyewe akaenda.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika, vijana wa miaka 19 walikuwa wanafundishwa kuruka kwa haraka na wanakufa kabla hata ya kufika vitani. Mwaka wa 1917 mambo mawili yakafanyika. Frederick Lindemann, mwanafizikia aliyejifunza urubani ili afanye utafiti wake mwenyewe, alikuwa anaingiza ndege kwenye spini makusudi kule Farnborough, akisoma vipimo huku dunia inazunguka, halafu anatoka. Alitaka kuonyesha kwamba hii kitu ni fizikia na ina njia ya kutokea. Na kule Gosport, Robert Smith-Barry alikuwa anabadilisha mafunzo kabisa. Zamani mwalimu alimwambia mwanafunzi akae mbali na hatari. Smith-Barry alisema hapana, mpeleke mwanafunzi ndani ya hatari ukiwa naye, mfundishe kutoka. Mpaka leo ukiona mwalimu anaingiza glaida kwenye spini na mwanafunzi mbele yake, unaangalia wazo la Gosport.

Lakini hilo wazo lina sharti: hatari ya kufundishia lazima iwekwe juu, mahali ambapo kosa la mwanafunzi lina nafasi ya kusahihishwa. Ukiifundisha chini, huo si mtihani tena, ni mazishi.

Na hapa Kenya? Miaka ya 1930 anga ya Nairobi ilikuwa imejaa walowezi na vindege vyepesi vya mbao na kitambaa. Wilson Airways ilikuwa imeanzishwa na Florence Kerr Wilson mwaka wa 1929, na jina lake ndilo tunalotamka tukisema Wilson Airport. Mmoja wa hao walowezi alikuwa Denys Finch Hatton, mwindaji, yule aliyeigizwa kwenye filamu na Robert Redford. Tarehe 14 Mei 1931 aliruka kutoka Voi na Gypsy Moth yake. Ndege ikainuka, ikazunguka juu ya uwanja, halafu ikaanguka na kuwaka moto. Alikufa. Kaburi lake liko Ngong, na watalii hulitembelea mpaka leo.

Ndani ya hiyo ndege kulikuwa na mtu wa pili. Aliitwa Kamau. Alikuwa mfanyakazi wa Finch Hatton, na alikufa pale pale, dakika ile ile. Filamu haimtaji. Mimi namtaja kwa sababu futi zilizokosekana chini ya bawa la bosi wake zilikuwa zake pia. Abiria hapangi urefu. Anautegemea tu, kama vile wewe unavyotegemea breki za matatu ambazo hujawahi kuziona.

Sasa tuje kwa namba, kwa sababu hapa ndipo watu huchanganyikiwa.

Marekani sheria inasema sarakasi za ndege zisifanywe chini ya futi 1,500 juu ya ardhi, na mwongozo wao wa mafunzo unataka mwanafunzi awe amemaliza kutoka kwenye spini kabla ya kufika hapo chini. Soma vizuri. Futi 1,500 ni pale ambapo zoezi linaisha, si pale linapoanza. Watu wengi husikia hiyo namba wakadhani ndio mahali pa kuanzia.

Kwa hivyo unahesabu kinyume, kutoka chini kwenda juu. Weka futi 1,500 ambazo hazigusiki. Ongeza futi za kuzunguka, na kila mzunguko hula futi mia kadhaa kulingana na ndege. Ongeza futi za kunyoosha, kwa sababu spini ikiisha ndege bado imeelekeza pua chini na ina kasi, na ukiivuta kwa pupa unaweza kuvunja bawa ama kuingia stoli ya pili. Halafu ongeza futi za mwanafunzi kuganda. Ndiyo, hizo pia zinahesabiwa. Mtu wa kwanza kuona dunia ikizunguka hukaza mikono na kuvuta fimbo, kama Parke, na mwalimu anahitaji sekunde za kumwambia aachie na kushika mwenyewe. Ukijumlisha yote unafika futi 3,000 na zaidi juu ya ardhi kabla hujaanza. Ndio maana glaida nyingi hupelekwa kwenye zoezi hili zikivutwa na ndege. Winchi kwa kawaida hukuacha chini sana.

Juu ya ardhi. Hayo maneno matatu ndiyo post nzima.

Kwa sababu kile chombo cha urefu kilicho mbele ya rubani, altimita, mara nyingi kimewekwa kusoma urefu kutoka usawa wa bahari. Kijana wa Uingereza anayejifunza kwenye uwanja ulio karibu na bahari akisoma 3,000, basi ako karibu futi 3,000 juu ya shamba la mtu. Sasa mlete huyo kijana kwetu. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, yaani kama futi 3,720. Funyula iko juu ya ziwa. Altimita ikisoma 3,000 hapa kwetu, wewe huko angani. Uko chini ya ziwa pamoja na mbuta. Ikisoma 4,500, una chini ya futi 800 kati yako na mahindi, na milima ya Samia inakupunguzia zaidi. Parke alikuwa na 700 na alikosea kifo kwa futi 50.

Nairobi ni kali zaidi. Uwanja wa Wilson uko futi 5,536 juu ya bahari. Mwanafunzi anayetaka futi 3,000 za kweli juu ya ardhi ya hapo lazima altimita yake isome zaidi ya 8,500. Namba inaonekana kubwa na kichwa kinadanganyika: "Niko elfu nane, niko salama." Elfu tano na nusu za hizo ni mawe na udongo.

Na kuna kitu kingine ambacho vitabu vya pwani za Ulaya havikisisitizi. Huku juu hewa ni nyepesi. Kwenye urefu wa futi 6,000, ukiona kasi ile ile kwenye saa ya kasi, ndege kwa kweli inakwenda kwa kasi zaidi kwa karibu asilimia 10, na siku ya joto inazidi. Na kwa kuwa nafasi ya kunyoosha huongezeka kwa kasi mara kasi, hiyo asilimia 10 inakuwa karibu 20. Ndege ile ile, rubani yule yule, makosa yale yale, lakini inakula anga zaidi kabla inyooke. Yaani mazoea ya chini kwenye hewa nzito ukiyaleta hapa bila kuongeza futi, umejipunja mwenyewe.

Kuna wale wataniuliza, kama ni hatari hivyo, mbona wasiache kabisa? Ni swali la haki, na Wamarekani walilijibu mwaka wa 1949. Waliondoa spini kwenye mahitaji ya leseni ya rubani wa kawaida, na badala yake wakasisitiza kutambua stoli mapema. Mpaka leo kule, anayelazimika kujua spini ni yule anayetaka kuwa mwalimu. Sababu yao inakaa vizuri ukiifikiria. Spini zinazoua watu hutokea zaidi pale ndege inapokata kona ya mwisho kuingia uwanjani, ikiwa futi mia chache tu. Hapo hata ukijua kutoka, hauna futi za kutokea. Sasa ya nini kufundisha dawa ambayo haiwezi kumezwa mahali ugonjwa unapopatikana?

Waingereza kwa upande wa glaida wakashika njia nyingine. Mwanafunzi wao hufundishwa spini kabla hajaachwa aruke peke yake. Na wamelipa pia. Kuna glaida ya Kipoland inaitwa Puchacz, jina lenye maana ya bundi, ambayo huingia kwenye spini kwa urahisi na hivyo ni nzuri kwa kufundishia. Imehusika pia kwenye ajali zilizoua mwalimu na mwanafunzi wake pamoja. Huku kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali, kwa hivyo jina hilo lilinigusa kidogo.

Mimi niko upande wa Waingereza, lakini kwa sharti. Mtu ambaye hajawahi kuona ile hali mwilini ataitambua akiwa amechelewa. Akiionja juu, futi 4,000 za kweli, atajua ile dalili ndogo inayokuja kabla: usukani unalegea, sauti ya upepo inapungua, bawa moja linakuwa zito. Siku ya kona ya mwisho hatahitaji kutoka kwenye spini kwa sababu ataachia fimbo kabla haijaanza. Hiyo ndiyo kazi ya zoezi la juu: kukufundisha uoga wa akili utakaoubeba ukiwa chini. Na kama klabu ama shule haina pesa ya kukupeleka juu vya kutosha, basi afadhali wafuate Wamarekani, wafundishe kutambua tu. Katikati ya hizo njia mbili, yaani spini ya bei nafuu, ndiko kuna kaburi.

Kwa sababu urefu ni pesa, tusidanganyane. Kila futi glaida inapovutwa juu kuna mafuta yanachomwa kwenye ndege inayovuta. Kila dakika ya kupanda iko kwenye bili. Na tunajua nani analipa. Hapa Kenya familia huuza shamba ama kuchukua mkopo ili mtoto mmoja apate leseni. Huyo mtoto akiwa angani saa inahesabika na anajua mama ameuza ng'ombe, atakuwa wa mwisho kusema, "Mwalimu, tupande futi elfu moja zaidi." Atasema tuko sawa hapa. Presha ya pesa huingia ndani ya ndege bila tiketi.

Kwa hivyo kama wewe ama ndugu yako mnaingia shule ya urubani, ya glaida ama ya injini, msione haya kuuliza kabla hamjalipa. Zoezi la stoli na spini mnaanzia futi ngapi? Mnamalizia futi ngapi? Hizo futi ni kutoka baharini ama kutoka ardhini? Shule nzuri itajibu kabla umalize swali, na pengine mwalimu atafurahi kwamba umeuliza. Ile itakayokuangalia kana kwamba unaringa, beba pesa zako uende.

Kamau hakupata nafasi ya kuuliza. Parke hakuwa na mtu wa kumuuliza. Wewe uko na simu mkononi na mdomo.